Ngozi ya Ndama wa Mabaka

Juzi nilipita sokoni Majengo karibu na ngozi mbichi iliyopakwa chumvi, na harufu yake ikanirudisha kijijini kwetu Kaengesa, mchana ule ng'ombe wetu Mabaka alipogoma kukamuliwa.

Ndama wake alikuwa amekufa. Tangu asubuhi Mabaka alizunguka zizini akilia, akinusa kila kona, na mimi nilizunguka naye upande wa nje, nisiweze kukaa wala kula. Upepo ulikuwa ukigonga bati lililolegea, nao haukutaka kunyamaza.

Ndipo baba akaja na ngozi ya yule ndama, ameishindilia majani makavu na kuipaka chumvi, akaisimamisha mbele ya Mabaka. Mabaka akanusa, akaanza kulamba. Mama akachuchumaa, na muda si mrefu maziwa yakasikika yakigonga ndoo.

"Mama, kwani hajui kwamba ni ngozi tu?" nikauliza.

"Anajua," mama akasema bila kugeuka. "Anachotaka ni harufu."

Nikamwona Mabaka mjinga kweli. Bado sikuweza kutulia, nikamfuata mama mpaka chumbani. Nilimkuta ameinamia sanduku, uso ameuzamisha kwenye sweta la mdogo wangu, yule tuliyemzika wakati wa mavuno ya ulezi. Nilidhani anakagua kama limechafuka.

"Nipe nikalifue, mama," nikamwambia.

Akalikunja upesi, akafunga sanduku, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.