Mchuzi wa Warumi na Ng'ombe wa Mama

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana watu wa Mweiga bado hawajamaliza kunicheka na mimi ndiye ninayepita mbele yao kila siku nikienda dukani.

Nasomea PhD ya historia ya kale, mambo ya Wagiriki na Warumi, na sura yangu ya nne inahusu mchuzi wa samaki ambao Warumi walikuwa wakimwagia karibu kila chakula. Msimamizi wangu, profesa mmoja mama wa pande za ziwa, kwa wala samaki, asiyejua mzaha, alikataa kuipitisha mpaka nitengeneze mchuzi wenyewe na yeye auonje, la sivyo ningerudi nyuma mwaka mzima. Basi nikanunua samaki Nyeri mjini, nikawakatakata pamoja na matumbo yao, nikawafukia kwenye chumvi ndani ya ndoo na kuwaacha waoze vizuri miezi mitatu.

Shida ni kwamba nyumbani kwetu samaki hajawahi kuvuka mlango. Mama, kama wazee wengi wa huku, anamhesabu samaki pamoja na nyoka (nimejaribu kumweleza, nimechoka). Kwa hiyo nikaificha ndoo stoo, nyuma ya magunia ya viazi, na ili asiifungue nikaandika juu yake kwa kalamu nene: DAWA YA NG'OMBE. Nikajiona nina akili kweli.

Siku ya Profesa kuja, nilienda barabarani kumpokea, na tuliporudi tukakuta majirani wamejaa uani, ng'ombe wetu Malkia amelala chini tumbo limevimba, na Mama amesimama kando yake ameshika chupa tupu ya soda.

"Usijali," akaniambia, "imevimba tu ulipoondoka, nikaipatia ile dawa yako. Chupa tatu. Inanuka vibaya, lakini dawa ikinuka ndio iko na nguvu."

Ndoo ilikuwa pale uani, wazi. Nikachungulia ndoo, nikaona mifupa na tope kidogo chini. Sura ya nne yote ilikuwa tumboni mwa Malkia, na Malkia ndiye anayetulisha. Hapo hapo daktari wa mifugo, aliyeitwa na majirani, akafika na pikipiki, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Imepewa dawa gani? Hebu nione pakiti yake." Watu wote wakanigeukia, maana mwandiko wangu wanaujua.

"Ni samaki," nikasema.

"Ati nini?" Mama akauliza.

"Samaki waliooza, Mama. Ni wa masomo."

Kabla hajanijibu Malkia akacheua, mcheuo mrefu wa samaki uliowarudisha majirani wote hadi langoni, kisha akainuka, akaenda kwenye pipa na kunywa maji kama hajawahi kuyaona. Daktari akampapasa tumbo, akasema gesi imetoka, aachwe anywe. Mama akaketi kwenye kigoda akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka, nami nikajua nimemliza mama yangu mbele ya watu. Kumbe anacheka. Uani kote watu wakacheka, na mimi nikacheka hadi machozi, kwa aibu na kwa furaha kwamba ng'ombe yu hai.

Profesa akasogea mbele. Akainama, akachovya kidole ndani ya ndoo, akaonja (mama mmoja akageuka akatema mate). "Chumvi imezidi kidogo," akasema, "lakini ni mchuzi wenyewe. Sura imepita."

Nimeapa sitamficha Mama kitu tena. Jioni ile nilikaa naye jikoni, nikamweleza utafiti wangu wote tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza nitaolewa lini. Nilipomaliza, akakoroga chai yake.

"Na hao Warumi," akauliza, "walikufa wote?"

"Wote, Mama."

"Na hicho chakula yao," akasema, "mimi sishangai."