Mama Yuko Bafuni

Fundi cherehani yule hakuwa mwoga hata kidogo. Panya alimmaliza kwa kandambili, vibaka aliwatimua kwa matusi. Lakini tangu mama yake aanguke bafuni, jamani, alikuwa roho juu. Bafu lenyewe halina dirisha, kuta zimeota ukungu mweusi, na bi mkubwa haogi mpaka maji yatokote. Siku hiyo mvuke ulimbana kifua, akaanguka pu! Pona yake ilikuwa kuimba: binti, akiwa kwenye cherehani, alisikia wimbo umekatika, akakimbilia.

Akaitwa fundi umeme. Akatoboa ukuta, vumbi likaingia mpaka jikoni, akapachika feni ya kutoa mvuke karibu na dari, na swichi akaiweka nje ya mlango. Akaiwasha, akaisogezea kipande cha gazeti. Kikanaswa papo hapo.

"Umeona inavyovuta? Mvuke kwisha habari yake!"

"Mbona inanguruma hivyo?"

"Aa, dada, hiyo ni feni, si redio. Utaizoea."

Ataizoea wapi! Jioni mama akaingia na ndoo yake, akajifungia kwa komeo, maana hataki kuonwa mtupu hata na mtoto wake wa kumzaa. Binti akawasha feni, akatega sikio mlangoni. Hasikii wimbo. Hasikii kata wala maji. Ni ngurumo tu. Mungu wangu, nimemletea mama mashine ya kumfanya afe nisisikie!

"Mama! Mama wee!"

Akaupiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa bega, machozi yanamtoka. Ndipo akili ikamrudia: si swichi hii hapa? Akaizima.

Sauti ikamfikia kutoka ndani, imekauka, inaimba kwa kupiga kelele.

"Mama! Umenitia kiwewe!"

"Wewe ndiye umenitia kiwewe. Naimba mpaka koo linauma, na huitikii!"

"Sasa unaimbia nini kwa nguvu hivyo?"

"Kwani ulidhani siku zote naimba kwa raha? Naogopa humu ndani, mwanangu. Naimba ili ujue bado nipo."

Binti alishawasimulia majirani jinsi mama yake anavyopenda kuoga.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama vile vile alivyo, maji yanamchuruzika, hajajifunika chochote.

"Washa hilo dude lako, uingie," alisema. "Mgongo huu sijaufikia siku nyingi."