Fatu Amtafuta Diwani Wake

Lulu alifia kwenye bajaji, mchana, mvua ikinyesha, kichwa kimelala mapajani pa dada yake Fatu. Barabara ya kutoka mtaa wa Kamsenga kushuka mjini Kigoma ilikuwa imekatwa na maji, wakalazimika kuzungukia mbali, na damu haikuwasubiri. Mtoto mwenyewe alikuwa amezaliwa salama nyumbani, mikononi mwa jirani. Kilichomuua mama ni kondo la nyuma lililogoma kutoka.

Kilichomchoma Fatu kuliko yote ni kwamba bajaji ile ilipita mbele ya zahanati. Yaani mbele ya kitu kilichopaswa kuwa zahanati: kuta za matofali ya kuchoma, madirisha matupu, juu hakuna hata bati moja. Mawe na mchanga wa msingi waliyabeba wananchi wenyewe. Fatu alibeba akiwa na mimba ya kitindamimba wake, na kitindamimba huyo sasa alikuwa anasoma darasa la tatu.

Matangani akaja bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, amefuatana na vijana wawili waliobeba mchele na sukari. Akakaa kidogo mkekani na wanaume, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akaja upande wa wanawake kumpa Fatu mkono wa pole.

"Kazi ya Mungu, dada. Haina makosa."

"Ahsante, baba. Mungu akulipe," Fatu akajibu. Alidhani ni mtu wa upande wa shemeji yake.

Arobaini ilipopita, Fatu akakifunga kichanga cha marehemu mgongoni, akaenda ofisi ya mtaa. Humo alimkuta mtendaji, Feliksi, akinywa chai. Hakumsalimu vizuri. Alimwaga yote aliyokuwa nayo kifuani: mawe, mchanga, kuta zisizo na bati, dada yake aliyezikwa na maziwa yakiwa yamejaa kifuani.

Feliksi akamwacha amalize.

"Mama, pole sana. Lakini mimi nimeajiriwa. Kesho wakitaka wananihamishia Kasulu. Kuna watu uliowachagua wewe. Mwenyekiti wa mtaa ulimchagua. Diwani ulimchagua. Diwani ndiye anayekwenda kuisemea kata hii kwenye baraza, halmashauri ikigawa fungu. Umemuuliza diwani?"

 Kura Fatu alipiga, hilo analikumbuka. Alipewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, akaweka alama kwenye zote mahali palepale, akawahi kurudi kugeuza dagaa wake wasije wakaharibika. Jina la yule wa karatasi ya tatu hakulisoma.

"Diwani wetu ni nani?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Feliksi akaweka kikombe chini. "Si Bwana Gervasi? Si alikuja msibani kwako na mchele?"

Fatu alirudi nyumbani akiwa na kizunguzungu cha aibu. Alikuwa amempa mkono. Alikuwa amemwombea kwa Mungu.

Siku zilizofuata, pale ufukweni wanapoanikia dagaa, akawa anawauliza wenzake. Diwani wenu mnamjua? Mmoja akacheka. Mwingine akataja jina la mtu aliyefariki zamani. Wote walimjua mbunge, wote walijua majina ya washambuliaji wa Simba na Yanga. Ni Rozalia peke yake, mwanamke wa Kalinzi anayewaletea ndizi na maharage, aliyekuwa na la kusema.

"Kwetu Kalinzi tulimsumbua diwani mpaka akatukimbia," alisema. "Lakini tulijua anakaa wapi. Na baraza lao lina siku zake, mtu yeyote anaingia. Unakaa nyuma, unasikiliza."

"Hata mimi?"

"Kwani wewe si mtu?"

Mume wa Fatu, Swaibu, hakupenda. Alimwambia aliyekufa harudi kwa maneno, na wanaotafuta maneno na wakubwa mwisho wake huwa wanaujua wenyewe. Fatu akamsikiliza kwa adabu. Siku ya baraza ilipofika, akavaa buibui lake la msibani, akaenda.

Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kichanga kimelala. Madiwani waliitwa kata kwa kata. Mmoja alipigania daraja mpaka jasho likamtoka. Mwingine alidai walimu, akakatizwa, akasimama tena. Fatu akawa anajifunza hapohapo kwamba kumbe hivi ndivyo inavyokuwa, kumbe kuna wanaosemewa. Ilipofika zamu ya kata yao, Bwana Gervasi akainuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, zahanati ya Kamsenga, ujenzi unaendelea. Naomba taarifa ipokelewe."

Ikapokelewa. Akakaa.

Fatu alijikuta amesimama. "Hauendelei!" alisema. Vichwa vikageuka. Askari wa mlangoni akamshika kiwiko, si kwa ukali, akamwambia wageni huku hawasemi, mama, kaa au toka. Kichanga kikaanza kulia. Akatoka.

Alimsubiri nje mpaka kikao kikaisha. Bwana Gervasi alimtambua, akaja mwenyewe.

"Dada yangu wa Kamsenga. Ungenipigia simu, tungeongea vizuri."

"Umesema ujenzi unaendelea. Ndani ya zile kuta pameota miti, mzee. Watoto wanachezea humo. Dada yangu kapita mlangoni akitokwa na roho."

Bwana Gervasi alitazama pembeni, akashusha pumzi. Alipomgeukia tena, uso wake ulikuwa umechoka, na Fatu akaona kwamba sasa anasema kweli.

"Nikuambie? Tangu nichaguliwe, hakuna mtu wa Kamsenga aliyeniuliza habari za zahanati. Hata mmoja. Wananiletea kadi za harusi. Wananiletea ada za watoto, misiba, jezi za mpira. Nimetoa, nimetoa mpaka nimekauka. Fungu la mabati lilipokuja, kata nyingine walilipigia kelele. Mimi nani angenipigia kelele? Nikaliachia."

Aliliachia.  Fatu alitamani mtu yule awe mwizi, angalau angejua pa kuiweka hasira yake. Akamtazama akipanda gari, akabaki pale kivulini mwa ukuta, akikibembeleza kichanga kisichotaka kunyamaza.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, alipita mlango kwa mlango kuwaita watu. Walikuja wengi kuliko kawaida. Bwana Gervasi aliulizwa mbele ya wote, akaahidi, na kweli baada ya masika mbao zikaletwa, mafundi wakapandisha kenchi za paa upande mmoja. Kisha uchaguzi ukaingia, mafundi wakaondoka, na Bwana Gervasi akaangushwa na wenzake ndani ya chama kabla hata hajafika kwa wananchi. Akaja diwani mpya, Leonardi, kijana mwenye maneno matamu. Safari hii wanawake wa ufukweni walilijua jina lake, na nyumba yake, na namba yake ya simu.

Leonardi alikuwa hajamaliza miezi mitatu kwenye kiti pale Diana, binti wa jirani yake Fatu, aliposhikwa na uchungu adhuhuri moja. Wanawake wakampigia simu diwani, mmoja baada ya mwingine, alete gari. Simu iliita, ikaita, mwishowe ikazimwa. Diana aliwahi hospitali na kupona. Mtoto wake hakuwahi.

Baada ya maziko Fatu alikwenda nyumbani kwa Leonardi, na nyuma yake walikuwapo wanawake kumi na kitu, wengine bado na magamba ya dagaa mikononi. Mke wa diwani akasema mzee amesafiri. Fatu akamshukuru, akatandika kanga yake kibarazani, akaketi. Wenzake nao wakaketi kumngojea.