Moto wa Jirani

Katika kambi yetu ya wafanyakazi, mjini Élisabethville, jirani hakuchaguliwa. Mkuu wa kambi alikupa ufunguo, ukakuta upande wa pili wa ukuta kuna watu, basi. Mimi nilipewa mama mmoja kutoka mkoa wa Kasai, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kila Jumapili padri alituambia tumpende jirani kama tunavyojipenda. Rahisi kwake, yeye aliishi peke yake!

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amekufa. Wa pili alipozaliwa, mama mkwe alikuja kutoka kijijini kumlinda, na kwetu kulinda mtoto mchanga ni kulinda moto. Moto wa mwanamke anayetoka nje ya ndoa, ukipika chakula cha mama anayenyonyesha, humuua mtoto. Kwa hiyo hatukuomba moto kwa mtu yeyote.

Asubuhi moja tuliamka mvua imezima jiko letu, kuni zimelowa, viberiti vimelowa. Mtoto alilia kwa baridi. Jirani akamsikia, akaja mbio, gunia kichwani, makaa mekundu kwenye kigae.

"Kamata moto, mama. Mutoto iko na baridi."

Nyuma yangu mama mkwe akanong'ona, "Bwana yake anatumika kazi ya busiku. Unajua ye analala na nani?"

Nilibanwa pale mlangoni. Wanawake wa kwetu walikuwa wamesimama milangoni mwao wakitazama. Nikikataa, wataelewa mara moja kwamba nimemwita malaya. Nikikubali, namweka mwanangu rehani. Nilimkasirikia padri, nikamkasirikia na yule mama kwa wema wake. Angekuwa mbaya kidogo tu, ningepumua.

Nikapokea. Mama mkwe akajifunika kitenge usoni, akalia kama yuko msibani. Nilipika uji, nikanywa, nikanyonyesha.

Tangu hapo, kila alipokohoa mtoto, roho yangu iliruka. Niliapa kwamba akifa nitaubomoa ule ukuta kwa mikono. Na kila alipokohoa, jirani aliugonga akiuliza, "Mutoto iko namna gani?"

Siku moja akaingia kabisa, akanyoosha mikono.

"Nipe nimushike kidogo, mama, upumuzike."

Mama mkwe alinikazia macho. Nikampa. Mtoto akalala mikononi mwake papo hapo, nami nikasimama kando nikitazama kama kifua cha mwanangu bado kinapanda. Huo ndio upendo niliokuwa nao kwa jirani: ulijaa hofu, na sikuwa na mwingine wa kumpa.