Mjane wa Punda Watatu

Siku hizi nikisoma gazeti pale barazani, kabla sijaanza nawaambia watu kipi ni cha gazeti na kipi ni changu. Wasikilizaji wamepungua. Siwalaumu, ingawa inanikera.

Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, karibu na mto Ngarenaro. Nilitoka pwani nikijua mambo mawili: kushona kanzu, na kusoma herufi za kizungu nilizofundishwa shule ya serikali. Hapa Arusha hilo la pili ndilo lililonipa jina. Gazeti la Kiswahili lilikuja na tarishi kutoka Moshi, limechelewa wiki kadhaa na kunyeshewa njiani, na kila Ijumaa baada ya sala watu walijaa barazani niwasomee. Walikuwapo watu wa pwani kama mimi, wapagazi, na Waarusha walioshuka na maziwa na ndizi zao. Wote waliniheshimu, nami nikavimba kichwa.

Taabu ni kwamba gazeti lenyewe lilikuwa fupi. Meli imefika, bwana fulani amehamishwa, mtu fulani analalamika kwa shairi kwamba jirani yake anafuga mbwa wakali, basi, kwisha. Watu walianza kuinuka kabla sijakunja karatasi, na mimi sipendi kuinukiwa. Siku moja nilipofika mwisho wa ukurasa sikunyamaza. Niliendelea kuyakazia macho maandishi na kusoma ambacho hakikuandikwa: habari za mjane wa nchi ya mbali, mwenye punda watatu, ambaye jumbe wa kwao alikuwa akimwonea. Nilimtunga palepale, mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani. Hakuna aliyeinuka.

Ijumaa iliyofuata waliniuliza habari za mjane kabla ya kuniuliza hali. Tangu hapo nikawa nashona huku kichwani namtafutia mkasa mpya, na mara mbili nilitia mikono ya kanzu kinyume, mteja akanitukana mbele za watu. Sikujali. Nilikuwa sijapata kuwa na furaha ya namna ile.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kiarusha, mjane naye, aliyeshuka kutoka upande wa mlimani na maziwa kwenye kibuyu. Kwao mama wa umri wake huitwa yeyo, nami nikamwita hivyo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Pale alipokwama mpagazi mmoja alimfasiria. Wenzake wakicheka, yeye hakucheka. Alikaa mpaka mwisho, akaaga, akaenda zake.

Ijumaa moja nilimfikisha jumbe wangu mlangoni kwa mjane, amekuja kuchukua punda. Mjane akasimama akasema: sheria mpya ya serikali inakataza mnyama kutoka zizini bila barua yenye muhuri. Jumbe akarudi mikono mitupu. Watu walicheka mpaka Mhindi akatoka ndani kuangalia kuna nini. Siku ile nilijiona mtu.

Mwezi uleule karani wa boma alishikwa na homa, akarudishwa pwani. Bwana mkubwa, Mzungu aliyetawala bomani, alitaka mtu wa kusoma na kuandika. Nikaenda, nikajaribiwa, nikapewa mwezi mmoja wa kutazamwa. Niliitaka kazi ile kupita kiasi. Nisidanganye, kiti na kofia nilivitaka pia, lakini mle ofisini mlikuwa na rafu ya magazeti ya zamani na kazi ikipungua niliruhusiwa kuyasoma. Niliyasoma kama mtu anayefuturu. Nilisoma habari za watu wawili waliogombana kwa mashairi toleo baada ya toleo, nikasoma safari ya mtu aliyekwenda kwa miguu mpaka ziwani, na jinsi alivyojua kukatiza habari pale msomaji anapotaka kujua zaidi. Nikajifunza. Na katika rafu nzima sikuona kisa kinachofanana na cha mjane wangu. Kwanza nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi nisioujua asili yake.

Asili yake niliijua wiki ya tatu, asubuhi, askari wawili walipomleta yeyo. Mwanawe, mtu mzima mwenye mke, hakwenda kazi ya lazima ya barabara, na faini ikawa ng'ombe. Askari walipokwenda kumchukua ng'ombe huyo, mama alisimama mlangoni pa zizi akawaambia bila barua yenye muhuri hatoki. Wakamsukuma, wakawaleta wote wawili, yeye na ng'ombe.

Bwana mkubwa alikijua Kiswahili, hasa kile cha kuamrisha. "Nani amekwambia sheria hiyo?"

Yeyo alijibu kwa Kimaa, mkalimani akafasiri. "Anasema imo katika gazeti, bwana. Anasema karani wako ndiye aliyeisoma."

Yeyo akanionyesha kwa kidevu, bila hofu hata kidogo, kama anayeonyesha ndugu yake.

"Karani," bwana mkubwa akasema. "Lete gazeti hilo."

Niliiendea rafu. Nikafunua toleo la kwanza, la pili, la tatu, jasho likiacha alama kwenye karatasi, nami najua hakuna kitu. Ningeweza kusema limeliwa na panya. Ningeweza kusema mama huyu Kiswahili hakijui, amesikia vibaya, nani angebisha? Yeye angetiwa mnyororo akabebe mawe, mimi ningebaki na kiti changu na rafu yangu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, na ninaona haya kuandika kwamba niliyaonja. Nyuma yangu bwana mkubwa alianza kugonga meza kwa rula. Niligeuka. Yeyo alikuwa akinitazama kwa utulivu uleule wa Ijumaa, akingoja nisome.

"Haimo, bwana," nikasema. "Niliitunga mimi."

Mkalimani alinitazama kwanza, ndipo akafasiri.

Hukumu haikuchukua muda. Mama aachiliwe, kwa kuwa amedanganywa. Ng'ombe abaki. Karani apigwe viboko, asionekane tena ofisini. Nilipigwa uani, jua likiwaka, na nililia, sina haja ya kuficha.

Nilipotoka nilimkuta yeyo amesimama nje ya lango, njia ya kwenda mto Themi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua atanilaani, na nilimpa haki hiyo.

"Nisamehe, yeyo," nikasema.

Alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, moja moja. "Fundi. Yule mama wa punda. Yuko?"

"Hayuko. Nilimtunga, yeye na jumbe wake na punda."

Ndani ya boma ng'ombe wake alilia, akimwita ndama aliyeachwa zizini.

"Mimi kila asubuhi nakamua," akasema, "kwanza namwaga kidogo chini. Kwa yule mama. Naomba Engai, Mungu wa kwetu, jumbe asimchukulie punda." Akageuza uso kuelekea sauti ya ng'ombe. "Leo pia nimemwaga."