Paka Wangu Alibadilika Macho

Mnicheke taratibu. Niliporudi Kitangari kutoka likizo, paka wangu mdogo alikuwa na macho ya manjano, na mimi nilimwachia jirani, Mama Zuhura, paka wa macho ya bluu. Nikaamini nimebadilishiwa.

Tangu hapo Mama Zuhura akinisalimia, naona anajichekesha. Akifunga mlango wa uani, naona anaficha kitu. Wiki zikapita. Siku niliposikia vitoto vya paka vikilia ndani kwake, nikamwita balozi wa mtaa, msuluhishi wetu, aje ashuhudie.

Mama Zuhura alitufungulia. Kwenye kikapu alilala paka wake jike, mama wa paka wangu niliyepewa na Mama Zuhura, akinyonyesha uzao mpya. Macho yake yalikuwa ya manjano. Ya watoto wote, bluu.

Kitoto cha paka huanza na bluu kwa sababu rangi haijaingia machoni. Vinasaba alivyorithi ndivyo huamua baadaye itaingia kiasi gani. Nilijua yote hayo.

"Mwalimu," balozi akauliza kwa upole, "kwani pale shuleni unafundisha somo gani?"

Mama Zuhura akanitazama, akisubiri.

"Biolojia," nikasema.