Kinyozi Aliyeujua Ubao Kwenye Kioo

Utamcheka huyu kinyozi, najua, ila nakuomba umcheke taratibu. Miaka ishirini na miwili amesimama nyuma ya vichwa vya watu katika chumba chenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kipana mbele yake, na nyuma yake, kwenye ukuta wa pili, benchi refu la wanaosubiri zamu. Juu ya benchi hilo kulikuwa na ubao wa sataranji ulioletwa na Mwalimu, mstaafu mmoja mwenye kipara kitupu ambaye hakuwa na nywele za kunyoa wala mahali pengine pa kushinda. Wachezaji wawili walikaa wamelipanda benchi kama pikipiki, ubao katikati yao. Kinyozi hakucheza. Angecheza vipi na mashine iko mkononi? Aliutazama ubao kwenye kioo, kati ya sikio la mteja na bega lake mwenyewe, na huko kiooni ndiko alikojifunzia mchezo.

Miaka ya mwanzo alinyamaza. Siku moja uzalendo ukamshinda. Mteja mmoja alikuwa anapelekeshwa puta na Mwalimu, na kinyozi, bila kugeuka, akasema, "Farasi wa kiooni. Msogeze mbele huyo, utanishukuru baadaye." Mteja akamsogeza yule farasi aliyekuwa upande wa kioo, akamwacha yule wa upande wa ukuta, na Mwalimu akabaki kujikuna kipara. Kuanzia hapo ikawa kawaida: kinyozi ananyoa na kuamrisha, mtu mwingine anasogeza kete. "Askari wa ukutani, hatua moja." "Malkia aje kiooni." Alimfunga Mwalimu, akamfunga fundi umeme, akamfunga na karani wa mahakama aliyekuja na kitabu cha mbinu kwapani. Watu wakasema jamaa ana macho kisogoni. Na yeye, binadamu ni binadamu, akaamini.

Mwanzoni mwa mwaka akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, akaibandika juu ya kioo ambapo kila mteja angeisoma akitaka asitake: MWEZI WA TATU, NASHIRIKI MASHINDANO. MWEZI WA KUMI NA MBILI, DARAJA LA KWANZA. Daraja la kwanza hupewa anayepata pointi tano katika michezo saba, na mjini kote walikuwa nalo watu tisa. Alitaka awe wa kumi. Usidhani ni majivuno matupu. Alikuwa amechoka kusimama nyuma ya watu. Alitaka mara moja tu maishani ajulikane kwa kilichomo ndani ya kichwa, si kwa kinachoota juu yake.

"Hapa nacheza huku nanyoa," alimwambia mkewe. "Fikiria nikikaa kitini, mikono yote miwili mitupu!"

"Haya, bwana," mkewe akamjibu. Mkewe alikuwa dereva wa lori la mikate, mwanamke asiye na maneno mengi saa za kazi wala baada ya kazi.

Mwezi wa tatu ukafika. Akakaa kwenye ukumbi, shati limepigwa pasi, akautazama ubao. Malkia wake alikuwa upande usio wake. Akamwita msimamizi, akamwambia kete zimepangwa vibaya. Msimamizi akaja, akatazama, akasema zimepangwa sawasawa. Akamtazama na yeye pia, kwa muda mrefu kidogo. Kinyozi akacheza hivyo hivyo, mfano wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda kimehamishiwa jikoni. Kila alipotafuta njia kulia, njia ilikuwa kushoto. Katika michezo saba alipata pointi moja, na hiyo aliipata kwa sababu mpinzani wake aliumwa tumbo akabaki kwao.

Jumatatu akarudi kazini, akamfunga Mwalimu mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Mtu ni yuleyule, kichwa ni kilekile, sasa ni nini? Akasingizia viti vya ukumbini. Akasingizia miwani, akanunua mpya, na mambo yakabaki palepale.

Aliyeling'amua jambo ni mkewe, siku alipopita kuleta ufunguo wa nyumba. Alisimama mlangoni akimsikiliza mumewe akiamrisha kete, akatazama kioo, akatazama benchi, akatazama tena kioo.

"Baba watoto," akasema, "wewe ubao wenyewe hujawahi kuuona."

"Nimeuona miaka ishirini!"

"Umeona kioo. Mimi narudisha lori nyuma kwa kioo kila siku. Kioo hakidanganyi, ila kinageuza. Kulia kwako kote ni kushoto kwa wenzako."

Kinyozi akageuka, kwa mara ya kwanza mchezo ukiwa katikati, akautazama ubao ana kwa ana. Akahisi kizunguzungu, akaomba maji.

Kungekuwa na mtu wa kumshauri aache, ningemsifu mtu huyo. Lakini karatasi ilikuwa imebandikwa, na mji mzima umeisoma. Kila jioni baada ya kufunga kazi alifunika kioo kwa shuka, akakaa na ubao mmoja na kitabu alichoazima kwa karani wa mahakama. Mwezi wa saba akaanza kuona mwanga. Mwezi wa nane mkono wake ukaanza kumgomea kazini: alitaka kupunguza ndevu za kulia za mteja, mashine ikaenda kushoto. Fundi umeme aliondoka na sharafa moja ndefu na nyingine fupi, na hakuja tena miezi miwili. Na kwenye benchi Mwalimu akaanza kumfunga. Kiooni hayumo, ubaoni hayupo. Aliogopa, na alimwambia mkewe kwamba anaogopa.

Mashindano ya mwisho wa mwaka aliyacheza kwa shida, akijiuliza kila hatua mara tatu, huku saa ikimla. Hata hivyo, sijui kwa jasho au kwa dua za mkewe, michezo sita ilipokwisha alikuwa na pointi nne. Akishinda wa saba, daraja ni lake. Mpinzani alikuwa mama mmoja muuza dawa, mpole, mwenye daraja la kwanza tangu zamani.

Mchezo ukafika mahali pagumu. Kinyozi aliinusa nafasi, alijua kuna kitu pale, lakini kila alipokikaribia kulia na kushoto vilimpotea. Basi akafanya jambo ambalo kinyozi tu angelifanya. Akasimama, akaupa ubao mgongo, akatoa mfukoni kioo kidogo cha mkono, kile cha kumwonyesha mteja kisogo chake, akautazama ubao humo. Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi akaja mbio, akafungua kitabu cha sheria, akafunua kurasa mbele na nyuma.

"Mwache tu," mama muuza dawa akasema. "Hanisumbui."

Na mle kiooni mambo yalikuwa wazi kama asubuhi ya kazi. Farasi wa kulia asogezwe mbele, na hatua mbili baadaye mfalme wa yule mama hana pa kukimbilia. Kinyozi akatabasamu. Akarudisha kioo mfukoni, akageuka, akanyoosha mkono, akamshika farasi wa kulia.

Alipomgusa ndipo alipoona. Yule aliyemtaka alikuwa kushoto, ametulia pale, anamngoja. Na sheria haina huruma: kete uliyoigusa ndiyo utakayoichezesha. Maisha yake yote ya mchezo mikono iliyogusa kete ilikuwa ya watu wengine. Akamsogeza asiyetakiwa, na baada ya hatua saba akatoa mkono kukubali kushindwa.

"Ulikuwa umenimaliza," yule mama akamnong'oneza. "Kwa nini hukumsogeza yule mwingine?"

"Nilimwona kulia, mama," akasema, na machozi yakamlenga. "Kweli tena, nilimwona kulia."

Jumatatu alifungua kama kawaida. Hakukuwa na mteja bado, Mwalimu tu, anapanga kete.

"Haya," Mwalimu akasema, "amrisha."

"Nani atanisogezea? Tuko wawili tu."

"Wewe si una mikono?"

Kinyozi akalitazama benchi. Miaka ishirini na miwili alikuwa hajawahi kulikalia. Akalipanda taratibu, magoti yakalia. Akacheza kama mwanagenzi, kidole kikielea juu ya kila kete kabla ya kuigusa, akafungwa kabla chai ya Mwalimu haijapoa. Kisha akainuka, akaibandua ile karatasi, akaandika upande wake wa nyuma, akaibandika tena palepale juu ya kioo: MWAKANI, KUMFUNGA MWALIMU MARA MOJA, NIKIWA NIMEKAA.

Mwalimu akaisoma, akajikuna kipara.

"Hapo sasa," akasema, "umejipa kazi ngumu."